Butembo: Kabla ya kuchagua kifaa cha kuongea juu ya pikipiki, wamotari wanunue kaske ya pili

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini. – Kwenye parkingi za pikipiki za mji wa Butembo kuna mabishano yasiyoisha. Wateja wakipungua, mazungumzo yanarudi palepale: ni kifaa gani kizuri cha kuongea ukiwa juu ya pikipiki? Mmoja anasifu simu iliyobanwa ndani ya kaske. Mwingine anasema hiyo ni ya zamani, yeye ana visikizio vya waya vya kuchomeka masikioni. Wa tatu anatoa mfukoni vile vidogo visivyo na waya, vya blututu. Na siku hizi yuko wa nne, ambaye ameona kwenye simu yake picha za waendesha pikipiki wa Ulaya wenye kisanduku kidogo pembeni ya kaske. Wanaongea na wenzao bila kugusa kitu. Huyo wa nne anahesabu ni miezi mingapi ya kuweka akiba ili aagize cha kwake kutoka China.

Mabishano hayo yanaonyesha kwamba wamotari wa mji huu si watu wa kulala. Lakini yana kasoro moja kubwa. Hakuna anayemtaja mtu anayekaa nyuma: mama anayepeleka mtoto hospitali, mwanafunzi anayechelewa mtihani, papa anayerudi sokoni na gunia lake. Mtu huyo anapanda kichwa wazi, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi kaske ni moja tu, na hiyo moja mara nyingine imetundikwa kwenye usukani kama pambo. Motari anayetafuta dola za kununua kifaa cha kuongea, wakati mteja wake hana kofia, ameanzia mwisho.

Basi lisemwe wazi. Pikipiki ya kubeba watu mjini haihitaji kifaa cha kuongea. Inahitaji kaske mbili, na motari anayejua kusimama kabla ya kujibu simu. Anayepinga ana haki ya kupinga, lakini kwanza avipime vifaa hivyo kimoja kimoja.

Simu ndani ya kaske

Hiki ndicho kinachoonekana kila saa barabarani, kwani hakina bei. Motari anaisukuma simu kati ya shavu na ubavu wa kaske, anaendelea na safari huku anaongea. Anajisifu kwamba mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Ni kweli, lakini ni kweli kuanzia pale simu imekwisha kutulia. Simu haijipandishi yenyewe. Inapolia iko mfukoni. Mkono mmoja unaacha usukani, unapapasa koti, unatoa simu, macho yanashuka kusoma jina la anayepiga, kidole kinabonyeza, halafu simu inasukumwa mahali pake. Na mikono ya motari haina wa akiba. Wa kulia ndio unaoongeza mwendo na kubana freni ya mbele. Wa kushoto ndio unaoshika ambreyaji. Ukitoka mmoja, kuna kazi imebaki bila mwenyewe.

Hesabu ni rahisi. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 katika sekunde moja. Kama shughuli ya kutoa simu inachukua sekunde 5, pikipiki imepita mita 55 na mkono mmoja, na macho chini. Kwenye barabara ya Président de la République, ndani ya mita 55 kunaweza kuwa na mtoto anayevuka, mama mwenye beseni kichwani, tshukudu inayoshuka na mzigo, na motari mwingine ambaye naye anatafuta simu yake.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalitazami. Ili simu iingie, kaske lazima iwe kubwa kuliko kichwa, au mkanda wa kidevuni uachwe wazi. Kaske isiyofungwa si kaske. Siku ya kuanguka inaruka upande wake na kichwa kinaenda upande mwingine. Kwa hiyo motari anayebana simu humo ameharibu ulinzi wa pekee aliokuwa nao, ili asikose maneno ya dakika mbili.

Visikizio vya masikioni

Wenye visikizio wanasema wao wametatua shida hiyo. Kitufe kiko kwenye waya, simu haitoki mfukoni. Hapo wana haki kidogo. Lakini wamezima masikio yao.

Motari hafanyi kazi kwa macho tu. Anasikia honi ya kamyo inayotoka Kasindi na mizigo, kabla hajaiona nyuma yake. Anasikia mlio wa pikipiki inayotokea kwenye kona ya kilima. Anasikia mnyororo wake mwenyewe ukianza kulia vibaya. Na zaidi ya yote, anamsikia mteja anayesema: «Motari, pole pole, mtoto anateleza.» Mtu aliyeziba masikio yote mawili, na wengi hawasikilizi simu tu bali na muziki pia, amejikatia habari zote hizo.

Wale wanaofikiri kwamba haya ni mambo ya kuwasumbua maskini wa Afrika watazame Ufaransa, inchi ambayo vitu vyake vinapendwa kuigwa hapa. Tangu tarehe 1 Julai 2015, dereva yeyote wa Ufaransa, wa gari, wa pikipiki au wa baiskeli, amekatazwa kuvaa visikizio masikioni wakati anaendesha. Faini yake ni euro 135. Kilichoruhusiwa kwa wenye pikipiki ni kile tu kilichojengwa ndani ya kaske na kisichoingia sikioni. Wenye barabara za lami nzuri, zenye taa na alama, wameona hatari. Mji wa vilima, wa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, unapata wapi ujasiri wa kusema hakuna shida?

Vile visivyo na waya vina ubaya wao wa ziada: vinaanguka. Pikipiki ikipiga shimo, kimoja kinatoka sikioni, na mkono unaruka kukidaka. Watu wamezoea kucheka wakisimuliwa hivyo. Mteja wa nyuma hachekeshwi.

Kisanduku cha pembeni ya kaske

Sasa kifaa cha nne, kile cha picha za Ulaya. Hiki kisemwe kwa haki, kwa sababu ndicho bora kati ya vyote. Kuna kisanduku chenye betri ubavuni mwa kaske, mikrofoni karibu na mdomo, na spika mbili bapa zilizofichwa mbele ya masikio bila kuyaziba. Kinaunganishwa na simu kwa blututu, na kinaweza pia kuunganishwa na kisanduku cha mtu wa nyuma au cha mwenzako aliye kwenye pikipiki nyingine. Kuna kingine kinachotumia utaratibu wa wavu: pikipiki nyingi zinaongea pamoja, na moja ikijitenga nyingine zinaendelea. Kampuni kama Cardo na Sena zimejenga jina lao kwa kazi hiyo.

Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu anayekwenda kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu, kaske yake imefunga uso wote, upepo unavuma masikioni hadi hasikii hata kelele ya mke wake aliye nyuma. Kwake, bila kifaa hicho hakuna mazungumzo. Motari wa Butembo hana shida hiyo. Mjini anakwenda kilomita 30 au 40, mteja amekaa karibu hadi pumzi yake inafika shingoni. Akisema «simama pale kwenye duka la dawa», anasikika. Kununua kifaa cha upepo wa kilomita 110 kwa ajili ya mwendo wa kilomita 30 ni sawa na kununua mashua kwa ajili ya kuvuka mfereji.

Halafu bei. Vile vya kampuni zenye jina, kimoja kinaweza kupita dola 300 huko Ulaya. Viko vya bei ndogo sana, na ndivyo vinavyotazamwa na wengi hapa. Lakini hata muuzaji anapoahidi kwamba sauti inafika mbali, umbali unaoandikwa kwenye kartoni ni wa mahali peupe, pasipo nyumba wala kilima kati ya watu wawili. Butembo ni vilima na nyumba kila upande. Mwenzako akishuka upande wa pili wa kilima, umbali wa kartoni unabaki kwenye kartoni.

Na hapa ndipo mabishano yote ya parkingi yanapaswa kuvunjika. Kifaa hicho hakikai hewani. Kinakaa kwenye kaske. Ili motari aongee na mteja wake kwa kisanduku, mteja naye lazima awe na kaske. Motari anayesema anataka kuongea na mteja kwa blututu, wakati mteja hana kofia ya kufungia hiyo blututu, anatafuta kengele ya nyumba ambayo haijapata mlango.

Tatizo si mkono peke yake

Wengi wanaamini kwamba mikono ikiwa huru, hatari imekwisha. Shirika la Afya Duniani (OMS) halisemi hivyo. Linasema kwamba dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali karibu mara 4 kuliko asiyeitumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kupita ile inayoshikwa. Kwa sababu hatari kubwa haiko kidoleni. Iko kwenye akili.

Kila mtu anaweza kujipima. Anayesikiliza simu ya kudaiwa deni hayupo barabarani, yupo kwenye deni. Anayegombana na mwenye pikipiki juu ya fedha za jioni, macho yake yanatazama mbele lakini hayaoni. Tena kuna tofauti kubwa kati ya kuongea na mtu wa nyuma na kuongea na mtu wa simu. Mtu wa nyuma anaona njia. Kamyo ikitokea, naye ananyamaza, anashika vizuri. Mtu wa simu yuko nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti. Hajui kwamba sasa hivi kuna shimo. Anaendelea kuuliza: «Uko fasi gani? Utafika saa ngapi?» na anataka jibu sasa hivi.

Kwa hiyo kifaa kizuri zaidi kinaweza hata kuongeza ubaya. Simu ya mfukoni inachosha, motari anakataa nyingine. Kifaa kinachopokea chenyewe kinafungua mlango kwa kila anayepiga, mchana kutwa.

«Lakini tunakula nini?»

Wamotari wana jibu, na si jibu la kudharauliwa. Wanasema simu ndiyo kazi. Mteja wa siku hizi hasimami tena barabarani kungoja. Anapiga: «Motari, njoo unichukue.» Usipojibu, anapiga namba ya mwingine. Na jioni mwenye pikipiki anangoja versement yake, hataki kusikia kwamba wateja walipotea kwa sababu ya usalama. Anayebaki na njaa ni watoto wa motari.

Hilo ni kweli, na yeyote anayewahubiria wamotari bila kulitaja hajui kazi yao. Lakini tazama vizuri mfano wenyewe. Mteja anayepiga wakati motari amebeba mtu mwingine hawezi kuchukuliwa sasa hivi, hata motari akijibu kwa kifaa cha dola 300. Lazima kwanza ashushe yule wa nyuma. Kinachohitajika ni mteja ajue kwamba simu imesikika na atapigiwa. Hiyo ni kazi ya kusimama pembeni nusu dakika, au ya kumpigia mara tu baada ya kumshusha mtu. Anayejulikana kwamba anarudisha simu hapotezi wateja. Anayejulikana kwamba alimwangusha mtoto wa fulani akiongea na simu, huyo ndiye anayewapoteza, na parkingi nzima inabeba jina lake baya.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wanasema: hapa si Paris. Hapa ni kati ya Beni na Lubero, watu wameishi miaka mingi na mashambulizi ya njiani. Kuna siku simu inalia na mwenzako anasema: «Usiendelee, rudi, njia si nzuri.» Simu kama hiyo imewaokoa watu. Nani atamwambia motari wa safari za mbali asijibu?

Hakuna anayeweza kumwambia hivyo, wala makala hii haisemi hivyo. Inasema asimame ndipo ajibu. Habari ya hatari mbele ni sababu ya kusimama, si sababu ya kuendelea na mwendo uleule huku ukiisikiliza. Anayeambiwa «rudi» akiwa anakwenda, itambidi asimame hata hivyo. Na wale wa safari ndefu, kama kuna ambao kweli kifaa cha kaske kinawafaa, ni wao: wanaotembea wawili watatu pamoja, kwenye njia wasiyoijua. Hao wakichanga fedha wakinunua, hawana kosa, mradi kila kichwa kilichoko juu ya pikipiki hizo kina kaske iliyofungwa kwanza. Lakini safari ya kutoka sokoni hadi Furu si safari ya namna hiyo, na wasiitumie kama kisingizio.

Sheria na wanaoitumia

Sheria ya barabara ya Kongo, namba 78-022, ilitiwa sahihi tarehe 30 Agosti 1978. Wakati huo hakuna motari aliyekuwa na simu mfukoni. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1977, inchi hii ilikwisha kuingia katika Mkataba wa Vienne wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, unaotaka kila dereva awe na uwezo wa kukitawala chombo chake wakati wote. Marekebisho ya mkataba huo ya mwaka 2006 yakaongeza katazo la kushika simu mkononi wakati chombo kinatembea. Kwa hiyo asiyesema ukweli ni yule anayedai kwamba kupinga simu juu ya pikipiki ni jambo lililobuniwa jana ili kuwasumbua vijana.

Hata hivyo polisi wa barabarani nao wajue kwamba wanaharibu hoja hii kila siku. Motari akikamatwa na simu ndani ya kaske, akatoa franka zake chache na kuachwa aendelee na simu ileile, amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba kosa lina bei, na bei yake ni ndogo. Katazo linalogeuka kuwa mfuko wa mtu haliokoi hata kichwa kimoja. Kama polisi wanataka waaminiwe, wasimamishe pikipiki isiyo na kaske ya mteja kwa ukali uleule wanaotumia kutafuta karatasi.

Wengine wenye hatia

Si haki kuweka mzigo wote juu ya motari. Mwenye pikipiki anayempigia kijana wake mara tano kwa siku kumwuliza makuta, akijua wazi kwamba yuko njiani, ndiye anayemvuta sikio. Mke na ndugu wanaokasirika simu isipojibiwa mara ya kwanza, nao wamo. Muuza vifaa anayemwambia kijana kwamba kwa blututu «sasa unaweza kuongea bila shida yoyote», huyo anauza shida katika kartoni.

Na wateja. Wakaaji wengi wa Butembo wamepanda nyuma ya motari anayeongea na simu, wakaona hatari, wakanyamaza. Wanaogopa kutukanwa, au wanafikiri ni jambo fupi litapita. Tena kuna wanaopigia ndugu zao wakiwa juu ya pikipiki, kisha wanamnyooshea motari simu wakisema: «Mwelekeze huyu, umwambie tuko wapi.» Mteja anayelipa ana haki ya kusema bila matusi: «Motari wangu, simama kwanza, uongee, kisha twende.» Asiposimama, mteja ashuke na atafute mwingine. Wateja kumi wakifanya hivyo kwenye parkingi moja, somo litakuwa limeeleweka kabla ya semina yoyote.

Utaratibu usio na bei

Kama wamotari wanataka kweli kuchagua namna ya kuwasiliana, hii hapa inaweza kuanza kesho asubuhi, na vyama vyao vina nguvu ya kuiweka kwenye kila parkingi:

1. Simu inalia, motari anaiacha ilie. Akiona ni lazima, anawasha taa ya pembeni, anatoka barabarani, anasimama, ndipo anaitoa. Mteja wa nyuma anaarifiwa: «Mama, nusu dakika, nijibu.» Hakuna mama atakayekataa.

2. Kabla ya kuondoka, motari na mteja wanaelewana juu ya njia, mahali pa kushukia na bei. Mazungumzo mengi ya barabarani ni yale yaliyopaswa kumalizika pale parkingi.

3. Kuna alama za mkono. Mteja akigonga bega mara moja, maana yake pole pole. Akigonga mara mbili, simama. Hata bubu, hata mgeni asiyejua Kiswahili wala Kinande, ataielewa alama hiyo kwa kufundishwa mara moja.

4. Wenzako barabarani wanaongeleshwa kwa honi, kwa taa na kwa mkono, kama wamotari walivyofanya kabla ya simu kuingia mifukoni.

5. Kila parkingi iwe na mtu mmoja anayebaki, ambaye namba yake inajulikana kwa wateja wa kata ile. Mteja anampigia huyo, na huyo anatuma motari aliye tupu. Hivyo simu inajibiwa na mtu aliyesimama, na hakuna anayekosa kazi kwa sababu alikuwa njiani.

6. Fedha zilizokuwa zikiwekwa kwa ajili ya kifaa, zinunue kaske ya pili, ya kipimo cha kawaida, yenye mkanda mzima. Anayeogopa uchafu wa vichwa vya watu aweke kitambaa chepesi cha kufulika, au mteja afunge kitambaa chake mwenyewe chini ya kaske.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo sita kinachohitaji umeme wala blututu. Cha sita peke yake ndicho kinachoomba fedha. OMS inasema kaske iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6. Muuzaji wa vifaa vya kuongea hana cha kuweka mbele ya hesabu hiyo.

Watasema kwamba wateja wanakataa kaske, kwamba akina mama hawataki kuharibu nywele, kwamba ni nzito. Wengine watakataa kweli. Lakini motari anayetoa kaske na kukataliwa yuko tofauti na motari asiyekuwa na cha kutoa. Wa kwanza ametimiza wajibu wake. Wa pili anatafuta sauti ya kuongelea, wakati nyuma yake kuna mtu mzima na mtoto wake, wameshikilia koti lake, na vichwa vyao viko wazi.

Kesho asubuhi mabishano yataanza tena kwenye parkingi. Mmoja ataleta kifaa kipya, wengine watakizunguka. Mzee mmoja wa parkingi na amwulize swali moja tu mbele ya wote: «Kaske ya mteja wako iko wapi?»